Kinachoonekana Ni Kilichomezwa

Feridex, dawa iliyoidhinishwa Marekani mwaka 1996, ilifanya kazi kwa kutegemea mwili uikatae. Ilikuwa maji ya kahawia iliyokolea, yenye vipande vidogo mno vya oksidi ya chuma vilivyovikwa sukari iitwayo dekstrani, nayo ilidondoshwa polepole kwenye mshipa wa mgonjwa aliyeshukiwa kuwa na saratani ya ini. Muda si mrefu, kiasi cha asilimia 80 ya chuma hicho kilikuwa kimeishia kwenye ini, na asilimia 5 hadi 10 kwenye wengu. Waliokikamata ni seli za Kupffer, yaani makrofaji zinazoishi ndani ya ini, ambazo kazi yake ni kumeza kila kigeni kinachopita na damu. Sehemu ya ini yenye seli hizo iligeuka nyeusi kwenye picha ya MRI. Uvimbe wa saratani, ambao kwa kawaida hauna seli hizo, ulibaki mweupe. Daktari aliuona ugonjwa kwa sababu kinga ilikuwa imekula kila kitu pembeni yake.

Kwa hiyo anayeuliza kama nanochembe za sumaku zina madhara kwa seli za kinga anauliza swali nusu. Swali hilo linazichukulia seli hizo kama wapita njia waliomwagikiwa maji machafu, ilhali bila wao picha haipo. Swali zima lina vipande vitatu: seli iliyokwisha kumeza chuma hiki inakuwa seli ya namna gani, inabaki hivyo kwa muda gani, na je, jibu hubadilika kulingana na hali iliyokuwa nayo seli kabla haijameza? Vipande viwili vya kwanza vimeandikiwa makala nyingi. Cha tatu kimeachwa pembeni, na naona ndicho kinachotuhusu zaidi sisi tunaoishi kwenye ukanda wa malaria, kifua kikuu na selimundu.

Kwanza chembe yenyewe. Kiini chake ni magnetaiti au maghemaiti, madini yaleyale yanayopatikana kwenye mchanga mweusi wa baadhi ya fukwe, ila kimepunguzwa hadi upana wa nanomita chache. Kipande kikubwa cha magnetaiti kina sumaku yake ya kudumu. Kikishuka chini ya takriban nanomita 20, joto la kawaida tu linatosha kuugeuzageuza mwelekeo wa sumaku yake, hivyo kwa jumla hakina nguvu yoyote mpaka kiingie ndani ya mashine. Kikiingia, hushika sumaku kwa nguvu kubwa, huuvuruga uga unaokizunguka, na protoni za maji zilizo jirani hupoteza mpangilio wao haraka. Picha inatia giza mahali hapo. Mgonjwa akitoka kwenye mashine, sumaku nayo imeondoka, na ndiyo sababu chembe hizi hazivutani zikagandamana mishipani.

Lakini seli haikutani na chuma. Inakutana na koti lake, na hata koti haikutani nalo likiwa tupu. Sekunde chache baada ya chembe kuingia kwenye damu, protini za damu huiganda kwa nje na kuifanyia taji. Jambo hili, lililowekwa bayana mwaka 2007 na Kenneth Dawson wa Dublin, Sara Linse wa Lund na wenzao, lilibadilisha namna ya kufikiri: kinachosomwa na vipokezi vya seli ni lile taji, si bidhaa iliyotoka kiwandani. Chembe moja ikichanganywa na damu ya watu wawili inaweza kuvaa mataji mawili tofauti.

Kati ya protini zinazoganda, zenye uzito mkubwa ni za mfumo wa komplementi, kundi la protini za damu zinazotia alama kwenye kitu kigeni ili kimezwe. Mwaka 2017 kundi la Dmitri Simberg huko Colorado lilionyesha kwamba protini ya C3, nguzo ya mfumo huo, haijishiki kwenye dekstrani moja kwa moja bali kwenye protini zilizokwisha kutangulia juu ya chembe, na kwamba hubanduka na kubadilishana nafasi chembe ikiwa bado inazunguka mwilini. Kazi nyingine ya kundi hilohilo ilikuwa imekwisha kuonyesha jambo ambalo kila msomaji wa tafiti za panya anapaswa kulikumbuka: kwa panya, chembe hizi huiwasha komplementi kupitia njia ya lektini; kwa binadamu, hupitia ile iitwayo njia mbadala. Lango si lilelile. Dawa iliyopita salama kwa panya haijathibitisha chochote kuhusu lango la binadamu.

Gharama ya lango hilo inajulikana kwa majina ya dawa na idadi ya vifo. Komplementi ikiwaka kwa ghafla, vipande vyake vidogo, C3a na C5a, huziamsha seli za mast na basofili, ambazo humwaga histamini. Mgonjwa hubanwa kifua, presha hushuka, ngozi huwa nyekundu. Mtaalamu wa Hungaria János Szebeni aliiita hali hii mzio bandia, kwa kuwa hauhitaji mtu awe amewahi kukutana na dawa hiyo kabla wala haupiti kwenye kingamwili za IgE. Wapo pia wenye kingamwili dhidi ya dekstrani kabla hata ya kudungwa. Madaktari waliotumia dekstrani kama maji ya kuongeza damu katika karne iliyopita walilijua hilo kwa uchungu, wakawa wanatanguliza dekstrani ya vipande vifupi ili kuzishughulisha kingamwili hizo kabla ya dozi kubwa.

Ferumoxytol ilibuniwa kwa kuliepuka tatizo hilo. Koti lake ni sukari iliyofanyiwa marekebisho, ukubwa wake wote ni kiasi cha nanomita 30, na Marekani iliiidhinisha mwaka 2009 kama dawa ya upungufu wa chuma kwa wagonjwa wa figo, si ya picha. Iliruhusiwa kusukumwa mshipani kwa haraka, miligramu 510 za chuma kwa mkupuo mmoja. Kufikia katikati ya 2014 mamlaka ya dawa ya Marekani ilikuwa imepokea taarifa za watu 79 waliopata anafilaksisi, na 18 kati yao walikufa. Machi 2015 dawa ikabandikwa onyo la juu kabisa: isisukumwe tena, idondoshwe kwa muda usiopungua dakika 15, na mgonjwa aangaliwe kwa nusu saa baadaye. Mwaka huohuo ikaondoka sokoni Ulaya.

Sasa weka kando ya takwimu hizo rejista iliyochapishwa mwaka 2019 na hospitali zinazoitumia ferumoxytol kwa MRI: wagonjwa 3,215, sindano 4,240, na hakuna tukio hata moja kali au la kuua. Dawa ni ileile. Kilichobadilika ni kasi ya kuiingiza, dozi, na mikono iliyokuwa tayari pembeni. Ukubwa wa sampuli nao una neno lake, maana tukio adimu linaweza kulikwepa kundi la elfu tatu. Hata hivyo, nikizisoma takwimu hizi mbili pamoja naona kwamba sehemu kubwa ya hatari ya dakika za mwanzo inatokana na mwendo: komplementi inaweza kustahimili chembe zinazoingia polepole ambazo isingezistahimili zikija kwa mkupuo. Mengi yaliyoandikwa kuhusu kemia ya koti yangefaa yasomwe pamoja na saa ya ukutani.

Dakika zikipita, damu hutulia, na kazi huhamia ndani ya makrofaji. Huko ndiko kwenye mambo mengi.

Makrofaji si mgeni wa chuma. Chembe nyekundu za damu huishi siku 120 hivi, na zinazozeeka humezwa kwenye wengu na ini, chuma chake kikarudishwa kwenye damu kutengenezea chembe mpya. Kwa kazi hiyo, makrofaji za mtu mzima hupitisha miligramu 20 hadi 25 za chuma kila siku. Dozi ya Feridex, miligramu 0.56 kwa kila kilo ya uzito, kwa mtu wa kilo 60 ni kama miligramu 34, yaani kazi ya siku moja na nusu. Dozi kamili ya ferumoxytol, miligramu 510, ni kazi ya wiki tatu au zaidi. Ni kama bandari iliyozoea kupakua meli moja kwa siku kuletewa meli ishirini asubuhi moja: shehena ni ileile ya kila siku, makuli ni walewale, lakini ghala litajaa.

Kwamba shehena hatimaye hupakuliwa hakuna shaka. Mwaka 1989 Ralph Weissleder na wenzake walifuatilia chuma cha nanochembe kwenye panya na kukikuta, baada ya muda, kimeingia kwenye himoglobini ya chembe nyekundu mpya. Ndani ya vifuko vya asidi vya makrofaji koti humeng'enywa, kiini huyeyuka, chuma huhifadhiwa kwenye feritini au hutolewa nje kupitia mlango uitwao feropotini. Kwa nadharia, hadithi ingeishia hapo: dawa ya picha imegeuka kuwa damu.

Haiishii hapo kwa sababu ya yanayotokea kati ya kumeza na kuyeyusha. Chuma kilichoachiwa kikikutana na haidrojeni peroksaidi ndani ya seli huzalisha radikali za haidroksili, zinazounguza mafuta, protini na DNA. Ni mmenyuko wa Fenton, uliopewa jina la mkemia wa Uingereza aliyeueleza mwaka 1894. Makrofaji hutumia moto huohuo kuua vijidudu, kwa hiyo chuma cha ziada kinaweza kuitia seli kwenye hali ya mapambano hata kama adui hayupo.

Uthibitisho maarufu zaidi wa jambo hilo ulitoka Stanford mwaka 2016, kwenye kundi la Heike Daldrup-Link, daktari wa picha za watoto. Walikuwa wakiitumia ferumoxytol kama kontrasti, yaani dawa ya picha, wakaona kwamba uvimbe wa saratani ya titi kwa panya uliochanganywa na dawa hiyo haukui kama ule mwingine. Makrofaji zilizouzunguka, ambazo kwa kawaida hulegezwa na saratani hadi kuwa wasaidizi wake, zilikuwa zimegeukia upande wa mashambulizi. Panya waliodungwa dawa mshipani kabla ya kupandikizwa seli za saratani walipata kinga dhidi ya kusambaa kwake kwenye ini. Dawa iliyokuwa imebuniwa isiwe na athari yoyote kwenye seli ilikuwa imebadilisha tabia ya seli zile zile ilizokuwa ikizipiga picha.

Habari hiyo ilishangiliwa, na ilistahili. Lakini ukiipenda kama tiba lazima uikubali pia kama onyo, kwa sababu seli haijui kwamba safari hii ilidungwa kwa ajili ya picha tu. Kama ferumoxytol inaweza kuzisukuma makrofaji za kwenye uvimbe kuelekea inflamesheni, inaweza kuzisukuma na zile za kwenye kiungo chenye baridi yabisi au kwenye ukuta wa mshipa wenye mafuta.

Tatizo ni kwamba matokeo mengine yanavutia upande wa pili. Huko Ulm, Ujerumani, mwaka 2010, chembe zenye koti la kaboksidekstrani zilizifanya makrofaji za binadamu kwenye chupa zitoe TNF, moja ya saitokaini (protini za ishara za kinga) za mwanzo za inflamesheni, na hatimaye zijiue zenyewe. Miaka minne kabla, kundi jingine la Ujerumani lilikuwa limeripoti kinyume: makrofaji zilizokuwa tayari zimewashwa, zikimeza oksidi ya chuma, ziliongeza IL-10, saitokaini ya kutuliza, na kupunguza TNF. Taiwan, mwaka 2011, panya waliopewa dozi moja ya nanochembe za chuma walitengeneza kingamwili chache zaidi dhidi ya protini ya yai waliyochanjwa nayo. Mmoja anasema chuma kinawasha, mwingine kinazima, wa tatu kinadhoofisha chanjo.

Wahakiki wengi hulimaliza jambo hili kwa kusema matokeo yanapingana na utafiti zaidi unahitajika. Sentensi hiyo haimsaidii mtu. Sehemu ya mgongano inaelezeka.

Chukua dozi. Mtafiti anaweka mikrogramu 100 za chuma kwa kila mililita kwenye chupa ya seli, na mwenzake anamlaumu kwamba ni nyingi kupita uhalisia. Je, ni nyingi? Miligramu 34 za Feridex kwenye lita tano za damu ni chini ya mikrogramu 7 kwa mililita. Kwa kipimo hicho lawama ni ya haki. Miligramu 510 za ferumoxytol kwenye damu hiyohiyo ni kama mikrogramu 100 kwa mililita, ile namba iliyolaumiwa. Na seli ya Kupffer haiishi kwenye wastani wa damu. Ikiwa asilimia 80 ya Feridex inaishia kwenye ini la kilo moja na nusu, na seli za Kupffer ni kama asilimia 2 tu ya ujazo wa ini, basi kila gramu ya seli hizo inabeba karibu miligramu moja ya chuma. Hesabu hii ni ya kukadiria, maana seli za ukuta wa mishipa ya ini nazo hupokea sehemu yake, lakini inatosha kuonyesha kwamba dozi ya chupani inaweza kuwa kubwa mno kwa seli ya damu na wakati huohuo ndogo mno kwa seli ya ini.

Sababu ya pili ni ya aibu kidogo. Endotoksini, mabaki ya ukuta wa bakteria fulani, hung'ang'ania nanochembe kwa urahisi, na kiasi kidogo tu hutosha kuziwasha makrofaji zote kwenye chupa. Maabara ya taifa ya Marekani inayopima dawa za nano, iliyopo Frederick, Maryland, imeripoti kwamba kiasi cha theluthi ya sampuli inazoletewa zimechafuka kwa endotoksini. Kipimo cha kawaida cha kuigundua, kinachotumia kimiminika kutoka kwenye damu ya mnyama wa baharini aitwaye Limulus, husomwa kwa rangi au kwa ukungu wa maji, na oksidi ya chuma yenyewe ni ya kahawia, hivyo hukipotosha. Makala yoyote ya zamani inayosema nanochembe za chuma zinachochea saitokaini, lakini haisemi endotoksini ilipimwaje, mimi huiweka kwenye rafu ya chini.

Sababu ya tatu ni ile hali ya mlaji, yaani ya seli kabla haijameza, nami nitairudia.

Seli zinazomeza kwa tabia ni upande mmoja tu wa kinga. Seli za dendriti humeza kidogo ili zikazionyeshe seli T zilichokamata, na hizo T karibu hazimezi kabisa. Watafiti waliotaka kuzifuatilia seli T kwenye MRI walilazimika kuzibambikia chuma: Joseph Frank na Ali Arbab kwenye taasisi za afya za Marekani waliichanganya Feridex na protamini, dawa ya kawaida ya hospitali, na mseto huo ukapenya. Chuma kinachoingia hupimwa kwa pikogramu kwa seli, na kwa viwango vya kawaida seli huendelea kuishi na kugawanyika. Ila kila ikigawanyika, chuma hugawanywa kwa watoto wake, na seli T inayopambana hugawanyika haraka. Baada ya siku chache aliyetaka kuiona seli kazini anabaki na giza lililopauka. Baya zaidi, seli yenye chuma ikifa, makrofaji huimeza pamoja na chuma chake, na picha inaendelea kuonyesha doa lilelile. Mashine haiwezi kumtofautisha askari na mzishi wake.

Pamoja na hayo, jaribio la Nijmegen, Uholanzi, lililochapishwa mwaka 2005 lilionyesha thamani ya chembe hizi kwa namna ambayo hakuna aliyeitarajia. Wagonjwa wanane wa melanoma walipewa chanjo ya seli zao wenyewe za dendriti, zilizotiwa chuma na pia dawa ya mionzi, zikachomwa kwenye tezi za limfu kwa kuongozwa na ultrasaundi. MRI ikaonyesha kwamba kwa nusu ya wagonjwa sindano iliikosa tezi. Fikiria majaribio mangapi ya chanjo za saratani yalihukumiwa kuwa yameshindwa, na hakuna aliyejua chanjo iliishia wapi. Hata hivyo, kwenye chupa huko Uswisi, seli za dendriti zilizomeza chembe za chuma zenye koti la pombe ya polivinili zilipunguza uwezo wa kuchakata antijeni na kuziamsha seli T. Kwa chanjo, hilo si jambo dogo: chombo cha kukuonyesha kama chanjo imefika kinaweza kuwa kinaipunguzia makali.

Kuna na upande wa kutumia sumaku kwa makusudi. Johns Hopkins, Baltimore, mwaka 2014, chembe za sumaku zilizopambwa kwa molekuli za kuziamsha seli T zilifungwa kwenye vipokezi vya seli hizo, kisha uga wa sumaku ukazivuta pamoja. Vipokezi vikasongamana, na seli zikawaka zaidi. Hapa athari kwa kinga imekuwa ndiyo dawa. Napenda jaribio hilo kwa sababu linaondoa unafiki wa neno kontrasti, linalodai kuonyesha bila kugusa.

Je, kuona makrofaji kunasaidia mgonjwa? Mara nyingine kunasaidia sana. Mwaka 2003 jarida la tiba la New England lilichapisha kazi ya Mukesh Harisinghani na wenzake wa Boston na Nijmegen kwa wanaume 80 wenye saratani ya tezi dume. Tezi ya limfu yenye afya ina makrofaji, hivyo humeza chembe na kuwa nyeusi. Sehemu iliyovamiwa na saratani hubaki nyeupe. Kwa kuhesabu tezi moja moja, MRI ya kawaida iligundua asilimia 35.4 ya tezi zilizovamiwa. Yenye nanochembe, asilimia 90.5. Mara nyingine husaidia kidogo kuliko ilivyotarajiwa. Utafiti ulioongozwa na Edinburgh na kuchapishwa mwaka 2017, kwa wagonjwa 342 wenye mshipa mkuu wa tumbo uliotanuka, ulikuta kwamba mishipa inayonyonya ferumoxytol hutanuka haraka zaidi au kupasuka, lakini habari hiyo haikuongeza kitu juu ya kile ambacho daktari alikwisha kukijua kwa kupima upana wa mshipa na kuuliza kama mgonjwa anavuta sigara.

Soko halikungoja mjadala uishe. Feridex iliacha kutengenezwa mwaka 2008, Resovist, dawa nyingine ya aina hiyo, ikaondoka Ulaya mwaka uliofuata ikabaki Japani, na dawa ile ya kuonyesha tezi za limfu haikupata kibali cha Marekani. Gadolini, metali ya kontrasti shindani, ilikuwa rahisi zaidi na ilitoa picha nyeupe, ambazo macho ya daktari huzipenda kuliko nyeusi. Kisha gadolini nayo ikaingia lawamani: mwaka 2006 ikahusishwa na ugonjwa wa kukakamaa ngozi na viungo kwa wagonjwa wa figo, baadaye ikaonekana hubaki kwenye ubongo, na mwaka 2017 Ulaya ikasimamisha dawa kadhaa za aina hiyo. Chuma kikarudishwa mezani, hasa kwa watoto na wenye figo dhaifu.

Kinarudi pia kwa mlango usiotarajiwa. Mwaka 2022, Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia cha Mbarara, Uganda, kikishirikiana na wenzake wa Uholanzi na Marekani, kiliunganisha hapohapo chuoni mashine ya MRI ya sumaku dhaifu, kiasi cha militesla 50 dhidi ya tesla 1.5 au 3 za mashine kubwa, kwa nia ya kuwapiga picha watoto wenye maji kichwani. Kwenye uga dhaifu kontrasti nyingi hupoteza nguvu. Oksidi ya chuma haipotezi sana, kwa kuwa hujaa sumaku mapema, na mwaka 2020 watafiti walikwisha kuionyesha kwa panya kwenye uga wa militesla 6.5 tu. Mashine za bei nafuu zikienea Afrika, kontrasti inayozifaa kuliko nyingine ni ileile inayomezwa na makrofaji. Ndipo hali ya mlaji inapokuwa swali la hospitali zetu.

Makrofaji ya mtoto wa Siaya au Kilombero aliyetoka kuugua malaria haiingii kwenye chumba cha MRI ikiwa tupu. Kimelea cha malaria hula himoglobini, na chuma cha himoglobini hukigandisha kuwa fuwele ya kahawia iitwayo hemozoini, ambayo nayo huvutwa na sumaku. Makrofaji huimeza fuwele hiyo na kushindwa kuimeng'enya, ikabaki nayo kwa majuma. Watafiti wa Turin walionyesha mwaka 1992 kwamba monositi, seli ya damu inayozaa makrofaji, ikishiba hemozoini haiwezi kumeza tena wala kuwasha moto wake wa kuulia vijidudu ipasavyo. Mwongezee mlaji huyo sahani ya magnetaiti, na hakuna matokeo ya Stanford wala Ulm yanayokuambia atafanya nini. Hata picha yenyewe haina uhakika: seli iliyoshindwa kumeza haiwi nyeusi, na ini lenye seli kama hizo linaweza kusomwa vibaya.

Mgonjwa wa selimundu yuko kwenye hali nyingine. Tanzania ni miongoni mwa nchi zenye watoto wengi zaidi wanaozaliwa na ugonjwa huu. Wengu wake mara nyingi huwa umekwisha kunyauka utotoni, na kama ameongezewa damu mara nyingi, ini lake limebeba chuma tele kabla ya sindano yoyote. Kwa kifua kikuu hofu ni ya moja kwa moja zaidi, kwani bakteria wake huishi ndani ya makrofaji na hutafuta chuma kwa bidii. Tafiti za Zimbabwe zimehusisha chuma kingi mwilini, kinachotokana na pombe ya kienyeji inayotengenezwa kwenye vyombo vya chuma, na ugonjwa huo.

Somo kubwa zaidi kuhusu chuma na hali ya mlaji lilitoka Pemba, ingawa halikuhusu nanochembe hata kidogo. Jaribio lililochapishwa katika jarida la Lancet mwaka 2006 lilikuwa limewapa watoto wadogo wa kisiwa hicho vidonge vya chuma na foliki, jambo lililodhaniwa kuwa la heri tupu. Agosti 2003 upande wa chuma ulisimamishwa: watoto waliokipokea walikufa au kulazwa hospitali kwa asilimia 12 zaidi ya wenzao. Lakini kwenye kundi dogo lililofuatiliwa kwa karibu, watoto waliokuwa na upungufu wa chuma walifaidika. Kidonge kilikuwa kilekile, kisiwa kilekile, malaria ileile; kilichotofautiana ni kiasi cha chuma kilichokuwamo mwilini kabla. Mdomo si mshipa, na dozi ya kila siku si dozi ya picha moja, kwa hiyo takwimu za Pemba haziwezi kuhamishiwa kwenye ferumoxytol. Kinachoweza kuhamishwa ni namna ya kuuliza.

Namna hiyo haihitaji vifaa vya ajabu. Jaribio la kontrasti ya chuma litakalofanyika Mbarara, Kisumu au Muhimbili linaweza kupima feritini na kipimo cha inflamesheni kabla ya sindano, kuchunguza damu kwa hadubini kutafuta monositi zenye hemozoini, kupima kifua kikuu kilichojificha, kisha kumfuatilia mgonjwa kwa miezi mitatu, muda ambao ferumoxytol yenyewe inaweza kuendelea kubadilisha picha za MRI. Monositi zichukuliwe siku ya kwanza na ya thelathini, zilishwe bakteria maabara, ionekane kama bado zinaua. Hicho kipimo cha mwisho ni cha zamani, ni cha bei ndogo, na kwenye majaribio mengi ya kontrasti ambayo nimeyasoma hakimo.